Càrn an Fhidhleir na An Sgarsoch kwa siku moja: vilima vidogo, safari ndefu, na mto ndo unaamua

Nikiwaambia watu natoka Moshi halafu kilima cha mita elfu moja kimenikosesha usingizi, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wifi yangu ndo kinara. Yeye yuko Aberdeen kabla yangu, ameshawazoea Waskoti na mvua zao, na siku aliponitajia hii safari nikasitasita akaniambia, "Wifi, wewe umezaliwa chini ya Kilimanjaro bana, hivi si utapanda na kandambili?"

Sasa naandika hii kwa sababu naona Waswahili wengi huku Uskoti siku hizi, manesi, wanafunzi, sisi wa kulea wazee, wikiendi wanaanza kwenda milimani, na wengi tukifungua ramani tunaangalia kimo tu. Càrn an Fhidhleir ina mita 994. An Sgarsoch ina 1,006. Ukiziweka karibu na 5,895 za Kibo unaona kama utani. Ila Kilimanjaro yenyewe, tuseme ukweli, kuna mtu amekupangia kila kitu. Mi nilifika Mandara na shule, mita 2,720, majina yaliandikwa getini Marangu, kiongozi yuko mbele, wapagazi wamebeba mizigo, chakula tumekikuta kinatokota. Kazi yangu ilikuwa kutembea tu. Huku hakuna geti. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote ilimradi asiharibu wala kusumbua, kwa hiyo hakuna wa kukukatia tiketi ya mlima, na hakuna pia wa kukuuliza unarudi saa ngapi. Ukipotea, anayejua umepotea ni yule uliyemwambia nyumbani, kama ulimwambia.

Wifi ana ile orodha ya Munro ameibandika kwenye friji. Kwa wasioijua, ni milima ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yani mita 914 na kitu, aliiorodhesha Sir Hugh Munro mwaka 1891 na sasa iko 282. Kila akipanda mmoja anatia tiki kwa kalamu nyekundu. Hii miwili ilikuwa imebaki peke yake bila tiki kwenye upande wake wa orodha, na sababu sio ugumu, ni kwamba iko mbali na kila kitu.

Mbali kiasi gani? Kutoka Aberdeen unaendesha kama kilomita 95 hadi Braemar, kijiji ambacho mwaka 1982 kilipimwa nyuzi 27 chini ya sifuri, ndo ujue ni ukanda gani huo. Basi kubwa linaishia Braemar. Unaendelea na gari lako kama kilomita 10 hadi Linn of Dee, pale mto Dee unapobanwa na miamba chini ya daraja la mawe alilolifungua Malkia Victoria mwaka 1857, unaacha gari, unalipia parking. Na hapo mlima wala hujauona. Kuna kilomita kama 13 za njia ya changarawe hadi magofu ya Geldie Lodge, nyumba ya zamani ya wawindaji, ndo uanze kupanda. Jumla kwenda na kurudi ni kama kilomita 40 na kupanda mita elfu moja na ushee. Kwa siku moja.

Tulipanga jikoni kwa wifi, ramani imetandazwa mezani, Landranger namba 43, sentimita mbili ni kilomita moja. Mimi nikasema programu ya simu si ipo? Akasema simu ni nzuri mpaka izime, na baridi inakula chaji. Tukachukua vyote viwili, na pawabanki, na dira. Dira kama hujui kuitumia jifunze kwenye bustani ya mtaani kwanza, sio kwenye ukungu.

Hesabu ya muda tuliitoa kwa kanuni ya Naismith, Mskoti wa mwaka 1892 huyo, bado watu wanamtumia: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Ila Naismith hajui tope, hajui kwamba mnasimama kula, hajui kama jana yake ulitoka shifti ya usiku. Sehemu ya kutembea tu, kuanzia Geldie Lodge kupitia vilele vyote viwili na kurudi pale pale, ni kama kilomita 15 na mita 780 za kupanda, kanuni ikatoa saa nne na dakika ishirini hivi. Sisi tukaandika saa saba. Watu wawili waliniambia mnazidisha, na kwa kweli hizo dakika zote tulizila.

Zile kilomita 13 za mwanzo ndo zinaua. Ukizitembea ni karibu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, miguu imechoka kabla mlima haujaanza na imechoka tena ukiwa umemaliza. Kwa hiyo baiskeli. Wifi anayo yake, mi nikakodi ya milimani yenye matairi mapana. Kama hujapanda baiskeli tangu primary, fanya mazoezi, maana sio lami ile, kuna mawe ya ukubwa wa ngumi na mwinuko mdogo mdogo usioisha, na makalio yatasema.

Halafu tukaandika muda wa kugeuka. Hili nalisisitiza sana. Tukaweka kwamba kama saa saba mchana hatujafika kilele cha kwanza, cha pili tunakisahau, tunarudi. Iandikwe kwenye karatasi mkiwa nyumbani mmeshiba na akili imetulia, kwa sababu ukiwa juu na kilele kinaonekana pale mbele, kila mtu anakuwa wakili wa kutetea kwenda.

Sasa mto.

Geldie Burn kwenye ramani ni kamstari ka bluu. Njia inaufuata kwa kilomita kadhaa halafu karibu na magofu inakatiza ndani ya maji, hakuna daraja. Siku ya kawaida ni maji ya kwenye vifundo vya miguu au juu kidogo, unavuka unacheka. Tulienda mara ya kwanza mwisho wa Aprili, wiki nzima haijanyesha, jua kali, anga bluu, wifi anaimba kwenye baiskeli. Tumefika pale maji yanakwenda kasi, ya rangi ya chai ya rangi, mawe ya kukanyagia hayaonekani kabisa. Mi nikabaki nashangaa, maji haya yametoka wapi bila mvua? Theluji. Kule juu bado kulikuwa na mabaka meupe, jua likipiga yanayeyuka, na mto wa namna hiyo mchana unazidi wa asubuhi. Mtu wa pwani au wa Moshi hili huliwazi, kwetu mto unajaa mvua ikinyesha, basi.

Kwenye karatasi tulikuwa tumeandika magoti. Maji yakipita magoti hatuvuki. Wifi akaingiza fimbo yake ya kutembelea, akapima, akanyamaza. Akapima kwingine.

"Wifi, hapa kwenye upana si panapitika?"

"Yamefika wapi hapo?"

"Juu ya goti kidogo tu."

"Tumesema magoti, wifi."

Akaniangalia kama mtu aliyekatwa mshahara. Ila hakubisha, na heshima yangu kwake iliongezeka hapo. Tukala chapati zetu pale ukingoni, magofu tunayatazama ng'ambo, tukageuza baiskeli. Safari nzima, kitanda cha hosteli Braemar, mafuta, baiskeli ya kukodi, likizo ya siku moja ambayo mwajiri alinipa kwa mbinde, vyote kwa ajili ya pikiniki kando ya mto. Nilikasirika njia nzima kurudi, nisiwadanganye.

Niliyojifunza kuhusu huo mto nawapa hapa kwa mkupuo. Kabla hujatoka nyumbani angalia vipimo vya mito vya SEPA, wale wa mazingira wa Uskoti, wanaweka mtandaoni kina cha Dee na mito mingine, ukiona mstari unapanda jua na kijito chako kinapanda. Ukivuka, usivue viatu, mawe yanateleza na maji yale yanafanya nyayo zife ganzi, bora buti zilowe na uwe na soksi kavu kwenye mfuko wa plastiki. Fungua mkanda wa begi wa kiunoni ili ukianguka begi likutoke, tazama upande maji yanakotoka, fimbo iwe mguu wa tatu. Tafuta mahali papana, maana panapoonekana pafupi ndo pana kina. Na jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba lazima uvuke tena jioni. Kama utabiri unasema mvua kubwa mchana, usiulize kama utavuka asubuhi, uliza utarudi vipi.

Tulirudi Juni. Utabiri tunauangalia MWIS, wale wa hali ya hewa ya milimani, sio ile ya kwenye simu inayokwambia Braemar kuna mawingu kiasi. MWIS wanakwambia upepo juu ya kilele ni kiasi gani na utakusumbua vipi ukitembea, na uwezekano wa kilele kutoka kwenye ukungu ni asilimia ngapi. Siku yetu walisema ukungu asubuhi, baadaye utafunguka. Haukufunguka kama walivyosema ila ndo hivo, utabiri sio ahadi.

Juni uzuri wake ni mwanga. Jua linachomoza saa kumi na robo alfajiri na linazama saa nne usiku, yani maghribi ya huku watoto wa Tanga wameshalala. Una nafasi kubwa ya kuchelewa bila giza. Tochi za kichwani tulibeba pamoja na hayo.

Saa moja asubuhi tumeshatoka Linn of Dee, tumepita msitu wa misonobari, tumevuka White Bridge, upepo wa usoni, saa tatu kasoro tuko mtoni na maji hayafiki hata nusu ya muundi. Wifi alivuka anapiga vigelegele peke yake. Baiskeli tukaziacha kwenye magofu, tukashika kanjia kanakopanda kuelekea kusini-magharibi, kazuri mwanzoni, halafu kanakufa. Kutoka hapo ni tope jeusi la mimea iliyooza miaka na miaka, lina mifereji mirefu kama mtu, unashuka humo unapanda, unashuka unapanda, mguu unazama mpaka nusu ya goti na ukiuvuta unatoa sauti ya kubusu. Kilomita mbili hapo ni sawa na tano za kwingine.

Kilele cha Càrn an Fhidhleir tulikifikia saa sita na dakika kumi. Ndani ya ukungu. Tuliona lundo la mawe na viatu vyetu. Wanasema pale mikoa mitatu ya zamani inakutana, Perthshire, Aberdeenshire na Inverness-shire, ila kwa siku ile hata ingekuwa Morogoro tusingejua.

Hapa ndo dira ililipa. An Sgarsoch iko mashariki, kwa hiyo ukisikiliza miguu utashuka moja kwa moja mashariki, na ni mteremko mkali. Mgongo wenyewe unaanza kwa kushuka kuelekea kusini kidogo ndo ugeuke kushoto kwenda chini kati ya vilele viwili, kwenye kama mita 710. Wifi akaweka pembe kwenye dira, mi nikatangulia hatua hamsini, ananipigia kelele "kulia kidogo, simama!", anakuja, tunaanza upya. Inachosha, inachekesha, inafanya kazi. Tulipotoka chini ya ukungu bonde lilikuwa pale pale ramani iliposema, na kundi la kulungu kama thelathini hivi wamesimama wanatutazama kama wanaotudai.

Tulikula pale. Kuhusu chakula nina maoni makali: achaneni na baa za chokoleti peke yake. Chapati iliyoviringishwa na mayai na pilipili kidogo haigandi, haivunjiki, inashibisha. Tende. Karanga. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto. Na cha akiba ambacho hukigusi mpaka urudi kwenye gari. Maji sisi tulichota kwenye vijito vya juu tukatia vidonge, maana lita nne begani kwa siku nzima ni adhabu.

An Sgarsoch saa nane na robo, tumechelewa kwa mpango wetu ila bado ndani ya mstari. Kilele chake ni kipana, bapa, wenyeji wanasimulia kwamba zamani kulikuwa na mnada wa ng'ombe huko. Mnada! Pale! Nikamwambia wifi mnada huu hata Wamasai wangegoma. Ukungu ulifunguka dakika chache tukaona milima ya Cairngorms yote kaskazini na mabaka ya theluji, Juni ile, halafu ukafunga tena, tukashuka kwa dira kuelekea kaskazini hadi magofu.

Nilidhani shughuli imeisha. Kumbe visubi walikuwa wanasubiri.

Kama hujakutana na visubi wa Uskoti, ni vijidudu vidogo kuliko punje ya mtama, wanaanza kama Mei mpaka Septemba, na kukiwa na upepo kidogo tu hawaruki, ndo mana juu kileleni huwajui. Jioni ile upepo ulikufa. Ukiwa kwenye baiskeli wanashindwa kukufuata kwa hiyo tuko salama, tunateremka raha mstarehe, mpaka kama kilomita mbili kabla ya White Bridge tairi langu la nyuma likafanya psssss. Pancha. Ile kusimama tu, wingu. Masikioni, puani, kwenye kope, ndani ya mikono ya shati. Wifi akachomoa nyavu za kichwani kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, za pauni chache hizo, ambazo asubuhi nilizicheka. Kazi ya tyubu unahitaji vidole vitupu, na vidole ndo walivyovitaka, nikawa natoa tairi huku nasugua mkono mmoja kwa mwingine, napiga pampu huku naruka ruka, wifi ameshika gurudumu anasema "haraka wifi haraka wifi" kana kwamba nilikuwa nakaanga mihogo pale. Tyubu ya akiba, vibao vya kutolea tairi, pampu: hivyo vitatu viwe kwenye kila baiskeli, sio kimoja kwa kundi, maana tyubu ya wifi isingeingia kwenye gurudumu langu, ukubwa tofauti.

Usiku nyumbani jikague kupe pia, nyuma ya magoti, kiunoni, kwenye nywele. Nilitoa mmoja kwa kibano chake maalumu, unamshika karibu kabisa na ngozi unamvuta polepole, humpaki mafuta wala kumchoma na kiberiti. Wanaweza kuwa na ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo ukiona duara jekundu linatanuka siku au wiki zinazofuata nenda kwa daktari umwambie ulikuwa milimani.

Mume wangu hakutaka kuja, alisema mlima haujamkosea kitu. Ila kazi yake ilikuwa kubwa kuliko anavyodhani. Tulimwachia karatasi kwenye friji ya wifi, pembeni ya ile orodha: njia tunayopita, namba ya gari, rangi za makoti, na kwamba ikifika saa nne usiku hajasikia kitu apige 999, aombe polisi, halafu waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea na hawakutozi pesa, na hilo lisikufanye uwachezee. Simu zenu pia zisajilini kwa meseji ya dharura, unatuma neno 'register' kwenda 999 unafuata maelekezo, kwa sababu meseji wakati mwingine inapenya pale sauti isipopenya. Kwetu netiweki ilikata baada ya Linn of Dee na hatukuipata mpaka tunakaribia Braemar. Tulifika kwenye gari saa mbili kasoro jioni. Nilipompigia aliniuliza kwanza kama nimekula, halafu akasema tangu saa moja alikuwa amekaa na simu mkononi anaangalia saa, na mara nyingine tumwandikie saa mbili, saa nne ni mateso.

Kwa wanaouliza gharama: baiskeli ya kukodi ilinitoka kama pauni 40 kwa siku, mara mbili hiyo kwa sababu ya ile ya Aprili. Hosteli, mafuta na parking tuligawana. Buti nilipata za mitumba kwenye duka la hisani kwa pauni 25, nzuri kabisa, nikazivaa kazini wiki mbili ndani ya jengo la wazee ili zilainike, wazee wakawa wananiuliza kama kuna theluji. Pesa halisi ilikwenda kwenye koti la mvua, na hilo usibane.

Mkitaka kwenda Agosti mpaka Oktoba ulizieni kwanza habari za uwindaji wa kulungu, ndo msimu wake, kuna siku mtaombwa mpite upande mwingine wa kilima. Wifi tayari amechomoa ramani nyingine, ya Fisherfield, milima mingine ya huku huku Uskoti, nayo haina daraja panapotakiwa.